Kiti chenye Leso

Mimi ni mtu wa kusahihisha. Niliajiriwa kusahihisha, na hata sasa nimestaafu, nikikuta kibao cha kinyozi kimeandikwa vibaya mkono wangu hutafuta kalamu nyekundu. Mume wangu alikuwa akisema kwamba siku ya kiyama nitamwomba malaika anipe daftari lake nilipitie kwanza. Nilicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nani anamsimulia, asije akanihurumia mahali nisipostahili.

Miaka ya sabini nilikuwa nafundisha Nkubu, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nilionyesha sinema za Ulaya katika chumba cha nyuma cha misheni. Wajukuu wangu hawaamini. Wanadhani zamani huku kwetu palikuwa na kahawa na baridi tu. Lakini alikuwepo padre mmoja Mwitaliano aliyependa sinema kuliko alivyopenda, Mungu anisamehe, kuongoza rozari. Alinifundisha mimi kuendesha projekta kwa sababu nilikuwa na vidole vyembamba na sikuogopa stima. Tulitundika shuka nyeupe ukutani, tukaziba madirisha kwa mablanketi ya bweni, na mashine ikaanza kukereza kama cherehani.

Vijana wengine walingoja gari la sinema lije uwanjani, wakatazame watu wakipigana ngumi na katikati watangaziwe sabuni. Sisi tulitazama mtu akivua viatu dakika tano nzima. Halafu tukabishana kwa nini alianza na cha kushoto.

Tulikuwa wanne. Mimi. Mkulima mmoja wa kahawa kutoka Kanyakine, mzee mwenye koti la vita, ambaye kila filamu aliipima kwa hali ya shamba lililoonekana nyuma ya waigizaji. Nesi mmoja, tuliyemwita Sista ingawa hakuwa mtawa, mwanamke mpole aliyelia hata mahali pasipo pa kulia. Na wa nne mchinjaji kutoka Majengo kule Meru mjini, Mwislamu, aliyezoeana na padre kwa kuwaletea nyama misheni. Alikuja kwa baiskeli, akiisukuma vilima vyote, kofia yake nyeupe haina hata doa. Ndiye aliyesema kidogo kuliko sote, na ndiye aliyetazama kuliko sote.

Padre alitupa sheria moja. Alisema filamu za namna hii hazifuati mstari. Msiulize nini kinatokea, alisema, ulizeni mnaona nini. Tuliishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja, na hapo ndipo kosa letu lilipojificha.

Alipoitwa kurudi kwao alituachia projekta na filamu moja iliyokuwa mali yake mwenyewe, rili tatu katika mikebe mitatu ya bati. Mikebe ilikuwa imejaa vumbi na michoro ya chaki. Mimi siwezi kuvumilia uchafu. Siku ileile alipoondoka nikachukua kitambaa chenye maji nikaipangusa yote hadi ikang'aa, kisha nikaandika namba kwa rangi nyekundu: moja, mbili, tatu. Niliandika vizuri sana. Ukinikuta leo nitakuonyesha, namba tatu yangu ina tumbo la kupendeza.

Filamu yenyewe ilizungumzwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na kwa bahati waliozungumza hawakuzungumza sana. Katika rili ya kwanza mwanamke anakuja kuolewa kwenye nyumba ya mawe, mahali penye ukungu kama wetu. Katika ya pili anaugua, anakufa, anazikwa mvua ikinyesha, na mume wake anabaki amesimama kaburini. Mwisho wa rili hiyo ulikuwa umekatika, picha inaruka ghafla na ukuta unabaki mweupe. Halafu nikaweka ya tatu. Mlango wa jikoni ukafunguka, na yule mwanamke akaingia.

Pindo la gauni lake lilikuwa limelowa maji.

Sista alipiga yowe. Mkulima alivua kofia. Kwenye ukuta mwanamke alikaa mezani akaanza kumenya viazi. Mume wake akapita nyuma yake mara moja, mara mbili, asimtazame. Akachukua kisu, akarudisha kisu, hakusema neno. Uani bata bukini walitembeatembea. Mwanamke aliendelea kumenya, maganda yakidondoka polepole, hadi mwanga wa dirisha ukafifia juu ya uso wake na filamu ikaisha. Hatukusikia chochote ila mashine, na nje ng'ombe wa misheni.

Nimetazama filamu nyingi tangu hapo, nyingine kwa televisheni ya rangi. Sijawahi kuogopa tena namna ile. Kwa sababu mwanamke hakuwa amekuja kumtisha mtu. Alikuwa amekuja kupika.

Tulibishana mpaka jua likashuka nyuma ya mlima, na Jumapili iliyofuata tukaiomba tena, na ikawa desturi. Filamu nyingine tuliziazima Nairobi na tulizirudisha, lakini mara moja kila mwezi ilikuwa ni ile. Swali likawa moja tu: amerudi kwa nini?

Mkulima alikuwa na jibu lake na hakulibadilisha hata siku moja. Huku kwetu mtoto anapozaliwa hupewa jina la babu au nyanya, na anaitwa kwa heshima ya mwenye jina, ili aliyekwenda awe na mlango wa kurudia.

"Hawa watu hawajazaa," alisema. "Umeona mtoto huko? Hakuna. Sasa nani ataitwa jina lake? Ndio maana amekuja mwenyewe, na miguu yake."

Sista alisema hapana, mama yule yuko toharani, ametumwa kumalizia kazi aliyoiacha. Mimi, kwa kiburi changu cha ualimu, nilisema hajarudi kwa mwili, ni kumbukumbu ya mume, na ndiyo sababu mume hamtazami, kwani nani hutazama kumbukumbu? Nilijiona nimesema jambo kubwa. Mchinjaji alisikiliza kila mmoja akitingisha kichwa, na akishaulizwa alijibu, "Mimi nawasikiliza nyinyi wasomi."

Kisha mke wake akafa. Ilikuwa homa, siku nne. Tulikwenda Majengo kutoa pole, tukakaa kwenye jamvi, na watu wote wakimwambia maneno yanayosemwa: kazi ya Mungu haina makosa, ametangulia, sote njia yetu ni moja. Alijibu kila mmoja vizuri. Tulidhani hatutamwona Nkubu tena.

Jumapili ya tatu alikuja. Hakuzungumzia msiba. Alivuta kiti kando ya chake, akatoa ndani ya koti leso iliyokunjwa, ya rangi ya zambarau, akaitandika juu ya kiti hicho kwa uangalifu kama anayetandika kitanda. Kisha akaomba ile filamu.

Hakuna aliyeuliza. Ungeuliza nini? Nikaweka rili ya kwanza, nikaweka ya pili, na mlango wa jikoni ulipofunguka mwanamke akaingia na pindo lake limelowa, nilimtazama mchinjaji badala ya ukuta. Alikuwa ameinama kidogo upande wa kile kiti, kama mtu anayemnong'oneza mwenzake kwenye hotuba ndefu.

Mwaka mzima ilikuwa hivyo, na zaidi. Tulijifunza kukizunguka kile kiti. Mkulima, ambaye hakuwa mtu wa mchezo, alianza kukisalimu akiingia. Sista aliapa kwamba kilinukia udi, na Majengo si wanawake wote wanafukiza udi, lakini marehemu alikuwa akifukiza. Nilimwambia harufu inatoka kwenye leso. Ni jibu sahihi, nilijipa alama zote. Ila kulikuwa na siku moja ya ukungu, wote wametoka nje kunywa chai, na mchinjaji ameondoka na leso yake, nikabaki kupanga viti. Nilikamata kile kiti kwenye ubao wa kukalia. Kilikuwa na joto. Vingine vinne nilivigusa, na kimoja ndicho nilichokuwa nimekalia mimi, vyote vilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Nilikiweka chini taratibu, nikasema "samahani," nikatoka. Sikumwambia mtu.

Barua ya padre ilifika karibu na Krismasi. Ilikuwa ya Kiswahili chake kilekile cha kukwaruza. Alituulizia afya, akaulizia mvua, akaulizia projekta. Mwishoni aliandika: je, nanyi mnalia pale mwisho, mwanamke anapozikwa na mume hana tena wa kumnyamazia?

Nilisoma mstari huo nikasimama. Niliusoma tena. Nikaenda misheni mbiombio, nikafungua mkebe wangu wa tatu, nikakunjua filamu kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamke alikuwa anatoka mtoni na ndoo kabla ya kuingia jikoni. Vipande vichache tu, vya giza, ambavyo ukutani vilipita kama ukungu. Ndiyo maana pindo lilikuwa limelowa. Hakuwa ametoka kaburini. Alikuwa ametoka kuteka maji, amegombana na mumewe, na mumewe amemnunia. Rili ya tatu ilikuwa ya pili na ya pili ilikuwa ya tatu. Ni mimi niliyefuta chaki za padre kwa kitambaa changu safi.

Mtu mwingine angefunga mkebe, akaichoma ile barua jikoni. Mimi nilimwita Sista.

Alisoma, akakaa chini. "Mwalimu, wacha," aliniambia. "Naomba. Wacha tu hivyo."

"Tumekuwa tukitazama kosa, Sista."

"Kwani linakuuma wapi? Huyo mzee anakuja kwa ajili ya kile kiti. Ukigeuza hiyo kitu, atakaa na nani?"

Nilimwambia ukweli ni ukweli, na kwamba hata padre angetaka hivyo. Nilimwambia pia, na haya ndiyo ninayoyaonea aibu, kwamba mtu mzima hawezi kulelewa na uongo. Sista alinitazama kwa namna ambayo wauguzi huwatazama jamaa za mgonjwa wanaouliza maswali mengi. Hakuniomba tena.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata, bila kutangaza, nilionyesha moja, kisha tatu, kisha mbili.

Sijui nilitarajia nini. Mwanamke aliingia jikoni na maji kwenye pindo, na mara hii alikuwa mwanamke tu, mtu wa kawaida aliyechoka. Mume alipita nyuma yake bila kumtazama, na mara hii ilikuwa ukatili mdogo wa nyumbani ambao kila mtu anaujua. Mkulima alianza kugeukageuka kwenye kiti. Kisha ugonjwa. Kisha mvua, jeneza, udongo. Mume akasimama kaburini, filamu ikaruka pale ilipokatika, na shuka ikabaki nyeupe, na mwanga ule ukatupiga usoni sote. Sikuzima. Nilikuwa nimesahau swichi iko wapi.

Tulingoja. Ninaapa tulikuwa tunangoja mlango wa jikoni ufunguke.

Mchinjaji alisimama. Aliichukua leso kutoka kitini, akaikunja mara mbili, mara nne, akaitia ndani ya koti.

"Ahsanteni," alisema. "Leo mmemzika vizuri."

Akatoka, tukasikia baiskeli yake ikikokotwa kwenye changarawe. Hakurudi. Mkulima alikuja mara mbili zaidi, lakini hapakuwa na la kubishania. Mwanamke amekufa, amezikwa, nini tena? Alisema hata shamba la watu wale sasa aliona limelimwa vibaya. Kabla ya mvua ndefu chumba kilirudishiwa bweni na mablanketi yakarudi vitandani. Nilijiambia kwamba mambo mazuri hayadumu. Mwalimu hakosi sentensi.

Nisingeandika haya yote kama si mume wangu.

Miaka mingi ilikuwa imepita, tumestaafu wote wawili, tuko nyumbani kwetu Kanyakine, alikotoka pia yule mkulima wa koti la vita. Siku moja alikata miti ya mpakani, mikima mitano niliyoipanda mimi mwaka nilipozaa kifungua mimba, bila kuniuliza. Alisema ilikuwa inaivuta kahawa nguvu. Sikumjibu. Nilimnunia. Nilimwekea chakula mezani nikaondoka, nilipita nyuma yake bila kumtazama, nilichukua kisu na kurudisha kisu. Siku tisa. Aliongea na paka ili mimi nisikie. Siku ya kumi alianguka karibu na tangi la maji, na alipofikishwa hospitali alikuwa ameshakwenda.

Watu walikuja wakaniambia yanayosemwa. Ametangulia. Yuko mahali pema. Niliwajibu vizuri.

Jumapili ya pili baada ya maziko, kama saa kumi, ukungu umeshuka mpaka kwenye vioo, nilikuwa namenya viazi. Nikasikia kiti kinavutwa nyuma yangu. Sauti fupi, ya miguu ya kiti kwenye saruji. Viazi viliendelea kuzunguka mkononi mwangu. Maganda yalidondoka. Niliogopa nikigeuka nisimwone, na kwa hiyo sikugeuka, nilimenya viazi vya watu kumi na wawili na niko peke yangu nyumbani. Giza lilipoingia nikawasha taa. Kiti kilikuwa kimesogea kiasi cha mtu kuingia. Au nilikiacha hivyo asubuhi. Sikuwa na alama ya kujipa.

Kesho yake nilikwenda Majengo.

Bucha sasa inaendeshwa na binti yake. Mwenyewe nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, amezeeka hadi amekuwa mdogo, kofia bado haina doa. Pembeni yake palikuwa na kiti, na juu ya kiti leso ya zambarau iliyofifia karibu kuwa kijivu. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Karibu, mwalimu wa sinema."

Nilikuwa nimepanga hotuba. Iliniishia. Nikamwambia tu, nimesimama, kwamba nilipanga mikebe vibaya mimi mwenyewe tangu mwanzo, kisha nikaipanga vizuri, na kwamba nimekuja kuomba radhi kwa yote mawili, lakini zaidi kwa lile la pili. Nikamwambia kuhusu mume wangu na siku tisa. Nililia, na mimi silii mbele za watu.

Alingoja nimalize.

"Mimi nilijua, mwalimu," alisema. "Siku ya kwanza kabisa nilijua."

"Ulijuaje?"

"Bata." Alitabasamu kidogo. "Kulikuwa na bata bukini mmoja ana mguu mbovu. Kwenye maziko walimchinja, nikamwona, wageni wakamla. Halafu nyinyi mnaweka mkebe mwingine, huyo bata anachechemea uani. Mimi nimechinja tangu ndevu hazijaota. Mwanamke anaweza kurudi, siri za Mungu sizijui. Lakini kilichochinjwa hakitembei."

Nikakaa kando yake. Nilihesabu kichwani Jumapili zote zile, sisi wasomi tukieleza kumbukumbu na toharani, na yeye akitingisha kichwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngeacha kubishana." Aliinyoosha leso kwa kiganja, mahali pasipokuwa na kunjo. "Wewe fikiria. Nyumbani kila mtu ananiambia amekwenda. Msikitini amekwenda. Sokoni, pole mzee, amekwenda. Ni kwenu tu, watu watatu wana akili zao, wanagombana mpaka mate yanaruka, amerudi kwa nini. Hakuna hata mmoja aliuliza kama amerudi. Hiyo ilikuwa imeshapita. Nilikuwa nasukuma baiskeli kutoka hapa kuja kusikia hiyo tu."

Aliita ndani, binti yake akaleta chai kwenye sinia, akaiweka juu ya kigoda. Vikombe vilikuwa vinne. Nilidhani binti atakaa nasi, lakini aliingia ndani akafunga mlango. Mzee akamimina vyote vinne, akasukuma kimoja kwangu, kimoja mbele ya leso, na cha mwisho akakiweka upande wangu wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Haya, mwalimu," alisema. "Huyo wako. Amerudi kwa nini?"

Nilitazama mvuke wa kile kikombe. Nikakaa wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Kwa ajili ya miti," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa nguvu, akasogeza kiti chake karibu.

"Mtu harudi kwa ajili ya miti," akasema, na tukaanza kubishana.